Kiapo cha Upanga wa Mti

Katika mji ule kimo cha mtu hakikutoka kwa baba yake wala kwa chakula alichokula utotoni, bali kwa cheo chake. Wachoraji wa kuta ndio walioanza. Waliona haifai mfalme kuchorwa sawa na mchukuzi wa maji, wakamchora mfalme akigusa dari na mchukuzi akiishia gotini pake. Na kwa kuwa mji ule ulizitazama kuta zake kuliko ulivyowatazama watu wake, miili nayo ikatii. Aliyepandishwa cheo aliamka viatu vikimbana. Aliyeshushwa, mkewe aliketi kizingitini akipandisha pindo za nguo zake, naye hakuinua macho kumtazama apitaye. Hapakuwa na aliyestaajabu. Ukuta ulikwisha kusema, na ukuta ukisema, mwili una hoja gani?

Mto wa mji ule ulikuwa mmoja asubuhi na miwili alasiri. Ng'ambo moja walijenga kwa jiwe, kwa ajili ya wafu, kwa sababu wafu hawana haraka. Huko waliandika kwa picha za ndege na nyoka, na nyoka walimchora akiwa amechomwa kisu mgongoni, asije akatambaa kutoka katika neno na kumwuma marehemu. Ng'ambo ya pili walijenga kwa udongo, kwa ajili ya walio hai, na kila mvua iliwakumbusha hali yao. Huko waliandika kwa kuchoma tete katika udongo mbichi, na maandishi yao yalikuwa kama nyayo za kuku aliyevuka uwanja kwa hofu. Mtu angeweza kuzaliwa upande huu na kujikuta mzee upande wa pili, asikumbuke ni lini alivuka. Lakini pande zote mbili zilikuwa na jambo moja zililokubaliana: lililoandikwa ndilo lililokuwa, na lisiloandikwa halikupata kuwa.

Siku ya kuoshwa kinywa kwa mungu mpya, Ahuni, mchongaji mkuu wa hekalu, aliamka akiwa mrefu. Ilimpasa kuinama ili atoke katika chumba chake mwenyewe, na kila alipoinama alijiona kama mwizi atokaye dirishani.

Sheria ya siku hiyo ilikuwa ya kale kuliko matofali ya hekalu. Sanamu ikiisha kuchongwa na kufunikwa dhahabu, bado ni mti. Haili, hainusi uvumba, haisikii dua. Ili iwe mungu, ni lazima kinywa chake kioshwe kwa maji ya mto. Na kabla hakijaoshwa, ni lazima wote walioifanya waikane. Kila fundi hufungwa kitambaa katika vifundo vya mikono, kuhani huipitishia upanga wa mti, upanga usioweza kukata hata siagi, akatangaza kwamba mikono ile imekatwa, naye fundi huapa mbele ya umati: “Sikumfanya mimi.” Kwa maana mungu aliyefanywa na mtu ni samani tu, kama kiti au kinu. Watu wote wanajua kwamba fundi amesema uongo. Mungu mwenyewe, yasemekana, anajua. Lakini uongo ule ni sadaka. Fundi ametwaa kazi iliyo bora kuliko kazi zote za maisha yake, ameiweka madhabahuni, amekwenda zake mtupu. Na hakuna sadaka iliyo kubwa kuliko ya mtu anayekana kilicho chake.

Hapo ndipo palipokuwa na aibu ya Ahuni. Yeye hakuwa na cha kuweka madhabahuni. Katika mafundi wote waliopata kusimama mbele ya upanga ule, yeye peke yake angesema “Sikumfanya mimi,” na ikawa kweli tupu.

Mti ule uliletwa kutoka milima ya mbali, na hapakuwa na wa pili wake. Ahuni alichonga mabega, akachonga kifua, akachonga mikono iliyokunjwa, na kazi ile ilikuwa njema, hakuna awezaye kuikataa. Alipofika usoni, mkono ulisita. Kila uso alioujaribu kwanza katika udongo ulitoka na sura ya mtu anayengoja kuamriwa. Macho yalitazama chini. Midomo ilikuwa midomo ya kusema “Naam, bwana.” Aliuponda ule udongo, akaanza upya, na uso uleule ukarudi, mnyenyekevu, mtiifu, ukimtazama kama ndugu yake wa tumbo moja. Je, mtu aweza kuchonga enzi ambayo hana hata chembe yake moyoni? Swali hilo alijiuliza kwa siku nyingi, na udongo ulimjibu kila siku.

Beltani, dada yake mkubwa, alikuwa mkandaji wa udongo katika karakana ileile. Mwanamke hakuruhusiwa kushika chuma. Lakini baba yao, mchongaji wa zamani, aliwafundisha wote wawili kwa kuwa hakuwa na subira ya kubagua. Mchana mmoja, mafundi walipolala kivulini, Beltani alitoa mikono yake katika udongo, akaifuta katika nguo yake, akatwaa tezo ndogo na patasi. Ahuni alikuwa macho. Alilala kwa ubavu, akatazama kwa jicho moja, kama mtoto anayesingizia usingizi ili asitumwe dukani. Alimwona dada yake akichonga kope. Alimwona akitua kwenye kidevu kabla hakijawa kizuri mno. Angaliweza kuamka na kusema “Acha.” Angaliweza kuamka na kusema “Endelea.” Hakuamka. Jua lilipopungua ukali, mafundi waliinuka, wakauona uso, wakaanguka kifudifudi. Waliponyanyua vichwa walimtazama Ahuni. Naye alifanya jambo dogo sana, dogo mno hata hakuna sheria iliyotungwa dhidi yake. Alikung'uta gotini pake vumbi la mti ambalo halikuwapo.

Jioni ile viatu vilimbana.

Basi, asubuhi ya sikukuu alimkuta Beltani uani, ameketi juu ya kinu kilichopinduliwa, mikono yake imekaa mapajani kama wageni wawili ambao hawajaambiwa wakae wapi. Wakati huo kimo chake kilikuwa kikifika kiunoni pa Ahuni.

“Dada, umeamkaje?”

“Nimeamka na mikono yangu yote miwili, na ndiyo inayonisumbua.” Alimtazama kutoka chini. “Leo utanitaja?”

“Dada, wakijua kuwa mtu asiyeandikwa kuwa fundi aligusa mti, wataichoma sanamu.”

“Waichome. Bado ni mti mpaka aoshwe kinywa. Si ndivyo mnavyofundishana?”

“Na mti mwingine tutaupata wapi?”

“Wewe unauhurumia mti, au unakihurumia kimo chako?”

Kuku alipita kati yao, akaandika neno vumbini.

“Nisikilize, mdogo wangu,” Beltani alisema, na sauti yake ilishuka. “Sitaki sifa. Sifa ni zako, uzidi kugonga paji kwenye vizingiti vya juu. Mimi nataka kukatwa mikono kama wenzangu. Nisimame mstarini, nifungwe kitambaa, niseme mbele ya mji wote: Sikumfanya mimi. Uongo huo ni haki yangu. Wewe unautakia nini, na kinywani mwako si uongo?”

“Ni desturi, dada.”

“Mwishoni kuhani huuliza kama yuko mwingine. Hapo sema maneno mawili. Sema: Na huyu. Hayo tu. Hayakujazi mdomo.”

“Nitasema.”

“Apa.”

“Dada, leo ni siku ya viapo, usinichoshe kabla ya wakati.” Alijaribu kucheka. “Nitasema. Na huyu.”

Na alipokwenda njiani alikuwa akiyarudia, akiyapima kama mtu apimaye jiwe mkononi kabla hajalirusha. Na huyu. Na huyu. Ni maneno mepesi. Mtoto huyasema akigawiwa tende. Na huyu, mpe na huyu. Lakini huyu ni nani? Nikisema huyu ni huyu, mimi ni nani? Mimi ni mabega na kifua. Mimi ni mikono iliyokunjwa. Mungu anaweza kuwa mungu bila kifua? Anaweza. Wako miungu waliovunjika vifua na bado wanaabudiwa. Aliyevunjika uso haabudiwi. Basi mimi ni kile ambacho mungu anaweza kukikosa. Na huyu. Na huyu.

Penye uwanja wa matofali alikutana na Danaku, kaka wa marehemu mkewe, mpiga muhuri wa matofali ya mfalme. Utani wao ulikuwa mzito kuliko undugu wao.

“Shemeji mrefu!” Danaku alipaza sauti. “Nasikia leo unakatwa mikono. Sasa mgongo wako atakukuna nani?”

“Wewe.”

“Mimi? Mikono hii ni ya serikali. Tazama.” Alikandamiza muhuri katika tofali bichi, akalinyanyua ili Ahuni asome. “‘Mimi, Mfalme, nililijenga.’ Siku nzima namsemea. Na yeye tangu azaliwe hajashika hata kokoto ya kumtupia mbuzi.”

“Punguza ulimi, shemeji.”

“Nani atasoma? Tofali linalazwa kifudifudi. Jina liko chini, lami iko juu, ukuta uko juu ya lami. Anasoma nani, jongoo?” Alilitia tofali katika safu. “Mji wetu huu mzuri, wallahi. Asiyefanya anasema ‘Nimefanya,’ aliyefanya anasema ‘Sikufanya.’ Ninyi mkikutana njiani mnasalimianaje?”

Ahuni alicheka, lakini kicheko kilimtoka kikavu, kwa sababu katika hesabu ya Danaku hapakuwa na mahali pake. Alipoendelea na safari aliutazama mnara wa ngazi uliopanda mbinguni, tabaka juu ya tabaka, na kwa mara ya kwanza hakuona mnara. Aliona vinywa. Kila tofali lilikuwa kinywa kilicholazwa kifudifudi, kikinong'ona katika udongo “mimi, mimi, mimi,” maelfu kwa maelfu, na hakuna hata kimoja kilichokuwa cha aliyebeba. Akajiuliza: huenda basi enzi yote ni jambo hili tu, kubadilishana viapo. Mkubwa huapia asichotenda ili aonekane. Mdogo hukana alichotenda ili aishi. Na ukuta husimama kwa sababu uongo huu na uongo ule vimeegemeana kama matofali mawili ya tao. Sasa chukua mtu asiye na uongo wowote wa kutoa, si huu wala ule. Mtu huyo ni tofali gani? Mtu huyo ni ufa. Jambo hilo lilimtisha, akaharakisha mwendo, maana ufa hauna kazi ila kungoja kugunduliwa.

Bustani ya kuapia ilikuwa kando ya mto, katikati ya matete. Sanamu ilikuwa imeketishwa juu ya mkeka, uso umeelekezwa machweo. Kuhani Mkuu Urshani alisimama kando yake, mrefu hata midomo yake ilitangulia kusogea, na sauti ikafika baadaye. Umati ulijipanga kwa vimo: wakubwa mbele, wadogo nyuma ya magoti yao, wasione kitu.

Mfua dhahabu alitangulia. Alifungwa kitambaa, upanga wa mti ulipita juu ya mikono yake, naye akafumbua kinywa na hakuweza kusema. Alikuwa mzee mgomvi, mchoyo, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akisikitika hata kwenye msiba. Aliitazama dhahabu aliyoifua ikawa nyembamba kama ganda la kitunguu, iliyolala juu ya shavu la mungu bila kunyanzi, na machozi yakamdondoka ndevuni. “Sikumfanya mimi,” alisema mwishowe, kama mtu anayemkana mwanawe langoni pa askari. Umati uliguna kwa heshima. Kisha akaja aliyetia macho kwa ganda la kombe na jiwe la buluu, naye akakana, sauti ikikatika. Ahuni aliwatazama kwa wivu uliomchoma. Hawa walikuwa wakipoteza kitu. Walikuwa wakiondoka pale wakiwa maskini kuliko walivyokuja, na umaskini ule uliwang'arisha.

Akafika yeye. Kitambaa kikazunguka vifundo vyake. Upanga ulikuwa mwepesi. Aliusikia kama unyoya, na unyoya ule ulimwuma.

“Sikumfanya mimi,” alisema Ahuni.

Umati ukaguna vilevile. Kuhani akamtazama kwa upole vilevile. Kweli na uongo vilikuwa vimevaa nguo moja, na hakuna aliyeinua pindo. Ilimjia hamu ya kupiga kelele: Ninyi, mnanipa heshima ya nini? Sikutoa kitu! Nimesema kweli, ni kweli tu, kweli ya bei rahisi kuliko kweli zote!

“Yuko mwingine aliyeugusa mti huu?” Kuhani aliuliza, kama ilivyopasa.

Matete yalitikisika. Kutoka nyuma ya magoti ya wakubwa alijitokeza Beltani, amenyoosha mikono yake mbele, viganja juu.

“Huyu ametokea wapi?” mtu mmoja aliuliza.

“Ni yule mkandaji.”

“Mama, sherehe ya mikate bado! Rudi nyuma utaitwa!”

Kicheko kilipita. Kuhani Mkuu aliinama kutoka juu kabisa, kama anayetafuta pete iliyoanguka. “Unataka nini, bibi?”

“Kukatwa, Mtukufu.”

“Kukatwa! Udongo haukatwi, bibi, unakandwa.” Alifurahia maneno yake, akangoja umati ucheke, ukacheka. Kisha akageuka, kwa kuwa alikuwa mtu wa utaratibu. “Mchongaji mkuu, je, huyu aligusa?”

Beltani hakumtazama kuhani. Alimtazama mdogo wake. Macho yake hayakubembeleza. Yalikuwa macho ya mtu aliyeweka mzigo wake mlangoni pako na sasa anangoja tu ufungue.

Na huyu. Maneno yalikuwa pale, chini ya ulimi, yamelowa. Akaona moto ukiwashwa chini ya mti. Akaona viatu vyake vikipwaya. Akajiona nyuma ya magoti ya watu, asione kitu tena maisha yake yote ila nguo za wengine. Na huyu. Na huyu.

“Alikanda udongo, Mtukufu.”

“Udongo tu?”

“Udongo.”

Msomaji apime. Neno la kwanza lilikuwa kweli: alikanda udongo. Uongo wa siku ile ulikuwa neno moja fupi, “tu,” na hata hilo halikutoka kinywani mwa Ahuni; lilitoka kinywani mwa kuhani, naye aliliitikia. Hivyo ndivyo watu waangalifu wanavyotenda dhambi. Huwaachia wengine waitamke.

“Basi mkandaji hana mikono ya kukatwa,” Kuhani Mkuu alihukumu, na wala hakusema kwa ukali. “Arudi nyuma.”

Beltani alikunja vidole vyake kimoja kimoja. Aliporudi kinyumenyume kuelekea kwenye matete, kimo chake kilikuwa kimeshuka kikafika gotini. Na Ahuni alisikia kitambaa kikimkaza, na pindo la nguo yake likapanda juu ya muundi wa mguu. Alikuwa amekua. Aliomba apungue, walau unene wa kidole, iwe ishara kwamba kuna mahali palipoandikwa alilolitenda. Akazidi kukua.

Kinywa cha mungu kilioshwa kwa maji na asali. Watu walisujudu. Ahuni peke yake alithubutu kuinua macho, kwa sababu alikuwa na tumaini moja lililosalia: kwamba ule uso, ukiisha kuwa hai, utamtafuta aliyeuchonga, na kumwona huko nyuma, na mji wote utafuata yale macho ya buluu na kujua. Angekuwa amefichuliwa bila kusema neno. Mungu akafumbua macho. Hakumtazama Beltani, wala hakumtazama mtu yeyote. Alikuwa amekwisha kuwa mungu.

Karamu ilifanyika ukumbini, alasiri, wakati mto ulipokuwa miwili. Desturi ilisema kwamba fundi aliyekatwa mikono hawezi kuitumia hadi jua lizame, hivyo huketi kitambaa kikiwa bado kimefungwa, na mtu wa nyumbani kwake humlisha. Mfua dhahabu alilishwa na mkewe, wakigombana kuhusu chumvi. Ahuni hakuwa na mtu ila dada yake. Ili akifikie kinywa chake, ilibidi Danaku ampangie matofali yawe ngazi.

“Taratibu, dada,” Danaku alisema akipanga. “Unakanyaga jina la mfalme. Ingawa hili nimeligonga vibaya, limetoka ‘Mimi, Mfalme, nililijamba.’”

Beltani alicheka kidogo, akapanda, akashika bakuli. Akafinyanga tonge la mkate wa shayiri kwa vidole vitatu, akalichovya katika mchuzi wa samaki.

“Achama,” alisema.

Ahuni akaachama. Vidole vile viliingia kinywani mwake na kutoka. Alivifahamu. Alikuwa ameviona vikiacha kidevu kabla hakijawa kizuri mno. Sasa viliacha tonge kabla halijawa kubwa mno.

“Mtazameni dada huyo,” wake wa makuhani walinong'ona. “Ametukanwa mbele ya watu, na bado anamlisha. Huo ndio ulezi.”

“Achama.”

Laiti angelimnyima mchuzi, laiti angelimtia mwiba wa samaki. Lakini alimtolea miiba mmoja baada ya mwingine. Wema ule ulikuwa mzito, ukishuka kooni kama mawe, na Ahuni alimeza.

Ndipo Kuhani Mkuu alipoinuka. “Mungu hakai peke yake,” alisema. “Anataka mke. Mti umekwisha kukatwa milimani, uko njiani. Na mkono uliotupatia uso ule ndio utakaotupatia uso wa pili. Ahuni!”

Vigelegele vilipaa. Tonge lilisimama hewani.

“Dada,” Ahuni alinong'ona bila kusogeza midomo. “Utanisaidia?”

“Kwa mikono ipi?” Beltani alinong'ona vilevile. “Nilihukumiwa sina. Wewe ulikuwapo.”

Hakusema kwa kisasi. Alisema kama mtu anayemweleza mgeni kwamba daraja alilokuwa akiliulizia limebomoka. Na Ahuni alielewa, kwa ubaridi ulioanzia nyayoni, kwamba mti wa pili utakuja, na udongo utatoa tena uso ule wa “Naam, bwana,” na safari hii hapatakuwa na mchana wa kulalia kwa ubavu. Akasimama. Kichwa chake kiligusa boriti.

“Mtukufu, siwezi,” alisema kwa sauti kuu. “Sikumfanya mimi!”

Kisha mwanamke mmoja akaanza kulia kwa furaha.

“Mnamsikia?” Kuhani Mkuu aliwauliza watu. “Upanga umekwisha kurudishwa alani, kiapo kimekwisha kupokewa, na bado anaapa! Anakana hata penye chakula!”

“Nasema kweli!” Ahuni alipaza sauti. “Mnisikilize! Si kiapo hiki, ni kweli! Sikumfanya mimi!”

Ukumbi ulilipuka. Watu walipiga meza, wakatupa tende hewani, wakamwita mnyenyekevu, wakamwita mtakatifu. Lugha ya mji ule ilikuwa na maneno hayo peke yake ya kuungamia, na yalikuwa yamekwisha kuchukuliwa na ibada. Lakini tusimpe Ahuni udhuru asiostahili. Bado palikuwa na maneno mengine. Palikuwa na jina la dada yake, aliyesimama pale juu ya matofali, karibu na bega lake. Kelele zilipotulia, kwa kitambo kidogo, watu wote walimtazama wakingoja kama ana la kuongeza. Pumzi alikuwa nayo. Akasikia, ndani kabisa, mahali ambapo mtu huwa peke yake na nafsi yake, kwamba sifa zile zilikuwa tamu.

Akaketi.

Beltani alishuka, tofali kwa tofali. Hakuliweka bakuli mezani. Aliliweka chini sakafuni, mbele ya miguu ya ndugu yake, akafuta vidole vyake, akatoka nje kwa mlango mkubwa. Huko nje, juani, hapakuwa na ukuta karibu naye wa kumpimia, na Ahuni, aliyemfuata kwa macho mpaka alipopotea kwenye mwanga, hakuweza kutambua kama alikuwa mfupi au mrefu.

Sasa bakuli liko chini, na mikono imefungwa, na watu wote wanamtazama. Aibu ilimshika ile isiyotafuta pa kujificha kwa kuwa inajua hapapo. Akaanza kuinama. Ilikuwa safari ndefu, maana alikuwa mrefu sana. Magoti yaligusa sakafu, kisha vifundo vilivyofungwa, kisha paji; akatia uso wake katika bakuli, akala kama ng'ombe anywavyo, akilia, mchuzi ukimwingia puani.

Danaku, ambaye utani haukumpungukia hata makaburini, aliyakusanya matofali yake bila mzaha.

Mfua dhahabu ndiye aliyetangulia. Alimtazama Ahuni kwa muda, uso wake ukilainika polepole kama wa mtu anayeanza kuelewa fumbo. Kisha akamsukuma mkewe pembeni kwa kiwiko, akashuka sakafuni, akatia ndevu zake katika bakuli. Akafuata mtia macho. Akafuata seremala. Kuhani Mkuu alifunga macho yake na kutikisa kichwa, akiwa ameguswa sana; na ukutani mchoraji alikuwa tayari na wino mwekundu, akipima migongo iliyoinama kwa kamba, ili ipate kulingana.

Na mpaka leo mafundi wa mji ule hula karamu ya mungu wakiwa wamepiga magoti, bila mikono. Mgeni akiuliza asili ya desturi hiyo huonyeshwa ukuta, na kuambiwa kwamba palikuwa na fundi mmoja wa kale aliyempenda mungu kupita kiasi. Wafinyanzi huwatengenezea kwa siku hiyo bakuli zenye ukingo mpana, ili machozi yasichuruzikie mchuzi. Kwa maana kulia nako kumekwisha kuwa sharti, na asiyeweza kulia hukodiwa kitunguu.